Matroni na Mashine Iliyokunywa Mvua

"Kwa nini inajaa mvua ikinyesha?"

Matroni aliniuliza swali hilo akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kumbukumbu, mikono nyuma, kama anavyosimama mtu anayekagua wodi. Nilimjibu kwamba diski ya kompyuta na mvua havihusiani hata kidogo. Akaniangalia bila hasira.

"Sikukuuliza kama vinahusiana. Nimekuuliza kwa nini."

Nilikuwa msichana aliyetoka chuo kikuu na shahada ya kompyuta na tabia ya kubishana na kila mtu, wakiwemo wachungaji na wajomba zangu. Nilikuwa nimepanga chumba Kashai, mjini Bukoba, na kituo kimoja cha afya cha kanisa, huko juu milimani wilayani Muleba, kilikuwa kimenichukua kwa mkataba niziangalie mashine zao. Matroni ndiye aliyekuwa mkuu wa wauguzi pale. Wengine wote walikuja wakahamishwa, yeye akabaki. Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Hata barua za kanisa, nilivyosikia, ziliandikwa "Kwa Matroni" tu, na zilifika.

Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa iliyopauka kwa sabuni. Alinyoosha mashuka kwa viganja badala ya pasi. Alikula ndizi na maharage yake akiwa amesimama, dirishani, macho kwenye foleni. Akikuta muuguzi amekaa wakati kuna mgonjwa amesimama, hakusema neno. Alikwenda kusimama karibu na yule mgonjwa, akasubiri naye. Muuguzi mwenyewe alinyanyuka mbio.

Hakuogopa watu. Siku moja mlevi aliingia na panga akimtafuta mkewe aliyekuja kujifungua. Mlinzi alikimbilia migombani. Matroni alimwendea yule mtu, akamshika kiwiko, akamwambia, "Waitu, ndugu yangu, mikono yako ni michafu, huku tunapokea watoto." Akampeleka bombani. Yule mtu alinawa huku panga limeegemezwa ukutani, na aliponyanyua kichwa panga halikuwepo tena.

Lakini aliogopa radi. Aliiogopa kwa namna ambayo sijapata kuiona kwa mtu mzima. Wingu likianza kuweka giza upande wa ziwa, yeye tayari alikuwa amekwishaacha kuongea. Nilimwuliza sababu, kwa sababu mimi huuliza, naye alinieleza kwa sauti ileile ya kusomea majina ya dawa. Alipokuwa muuguzi kijana, katika zahanati nyingine, mwenzake alikuwa ameshika simu ya upepo akiomba gari la wagonjwa. Radi ikapiga mlingoti. "Nilikuwa namshikia karatasi asome," alisema. "Karatasi ilibaki mkononi mwangu."

Sikumwuliza tena.

Kompyuta kubwa ya kituo ilikaa peke yake katika chumba cha kumbukumbu, ikitumia mfumo wa Linux, ikilishwa na betri za sola. Humo mlikuwa na mafaili ya wagonjwa wote wanaotumia dawa kila siku: wa kifafa, wa kisukari, wa presha, watoto wa selimundu. Daktari aliandika dozi kwenye kompyuta yake ndogo, ikaingia kwenye ile kubwa, na Hamisi wa dirisha la dawa akaisoma upande wa pili. Matroni hakuipenda mashine ile. Hata hivyo, kila asubuhi alipofungua chumba alisema, "Umeamkaje?" na akasubiri kidogo kabla ya kuingia. Nilimtania siku moja kwamba haitamjibu. Akasema, "Na wewe siku nyingi hujibu."

Alikuwa Mlutheri wa kanisa la asubuhi na la jioni. Lakini Ma Koku, mama aliyekuwa akifagia kituo, alipopendekeza mchungaji aje kuiombea mashine, Matroni alikataa. "Mchungaji ataombea wagonjwa. Mashine ina mtu wake aliyeisomea." Akanigeukia. Nilitamani angemkubalia Ma Koku.

Maana mashine ilikuwa ikijaa, na sikujua inajazwa na nini.

Kiangazi ilitulia. Mvua zikianza, nafasi kwenye diski ilipungua, siku nyingine kidogo, siku nyingine kwa pande kubwa, kama mtu anayemega. Mvua zikikoma inatulia tena, lakini kilicholiwa hakirudi. Hilo watu wa kituo waliliona kabla yangu, na kila mmoja alikuwa na maelezo.

"Inakunywa mvua," alisema Ma Koku.

"Hiyo mashine ni Mhaya," alisema Hamisi, ambaye ukoo wao ulikuja Bukoba kutoka pwani zamani. "Mvua ikinyesha inajifungia ndani, inakula tu."

"Wewe nyamaza. Babu yako alikuja hapa kuuza vitambaa, akaonja ndizi zetu, mpaka leo hajarudi kwao," alisema Ma Koku.

Walicheka. Mimi nilicheka kwa kujilazimisha. Nilikuwa nimejaribu kila nilichofundishwa. Linux ina amri moja, df, inayokuambia diski nzima imetumika kiasi gani. Na nyingine, du, inayopita folda moja baada ya nyingine ikihesabu uzito wa kila faili. Majibu yake hukaribiana. Kwangu hayakukaribiana. Ya kwanza ilisema diski inakaribia kujaa. Ya pili ilipita kila chumba cha nyumba ile na kurudi ikisema kwamba kilichomo hakifiki hata nusu. Nusu nyingine ilikuwa wapi? Nilidhani kuna faili lililofutwa huku programu fulani bado imelishikilia, jambo ambalo hutokea. Nikaizima mashine na kuiwasha, ili kila programu iachie. Hakuna kilichobadilika. Nilikagua kumbukumbu za mfumo zinazojiandika zenyewe. Zilikuwa ndogo. Niliipima diski kama imeharibika. Ilikuwa nzima.

Kuna woga wa kitu unachokiona na kuna woga wa hesabu isiyokubali. Huu wa pili unafuatana na wewe nyumbani. Nilikuwa nikipika chumbani kwangu Kashai, pikipiki zinapita nje, na mvua ikigonga bati najikuta nimeshika mwiko hewani, nikiwaza kwamba sasa hivi, huko mlimani, kuna kitu kinaandika.

Kisha ikaja siku ya kliniki ya kifafa. Daktari alikuwa amempunguzia dozi mtoto mmoja wa kike aliyekuwa akisinzia kutwa nzima mpaka anaanguka. Aliandika, akabonyeza, akaendelea na mgonjwa mwingine. Lakini diski ilikuwa imejaa kabisa dakika ile, na mabadiliko yale hayakuwa na pa kukaa. Ujumbe wa kosa ulipita chini ya skrini yake, asiuone. Kwenye dirisha la dawa Hamisi alisoma dozi ya zamani, akahesabu vidonge, akavitia kwenye bahasha, na mama wa mtoto akanyoosha mkono.

"Hamisi," alisema Matroni kutoka nyuma yake. "Rudisha mkono."

Alikuwa amesikia daktari akimweleza yule mama, mlango ukiwa wazi. Ni hivyo tu, alikuwa akipita. Hamisi alivimwaga vidonge kwenye sahani yake ya kuhesabia, akahesabu upya kwa dozi aliyotajiwa. Yule mama hakuelewa kilichotokea. Alishukuru, akambeba mwanawe mgongoni, akaondoka.

Nilifuta vitu vyangu vya majaribio nikapata nafasi kidogo. Matroni alikuja akasimama mlangoni palepale. "Nisingepita?" aliuliza. Safari hiyo hakungoja jibu.

Kamati ya kituo ilikaa ikaamua. Sikulaumu uamuzi wao, mimi mwenyewe ndiye niliyewaeleza kwamba hakuna njia nyingine ninayoiona. Mafaili ya wagonjwa ambao hawajaonekana kwa miaka yafutwe, yawaachie nafasi wanaokuja. Kulikuwa na picha za vipimo ndani yake, mafaili mazito. Nafasi ingepatikana.

"Hawajaonekana na nani?" aliuliza Matroni kwenye kikao.

Mwenyekiti alisema, kwa heshima, kwamba hawajaonekana kituoni.

"Wa visiwani wanakuja mpaka wapate boti na nauli. Mtu anaweza kukaa huko akanunua dawa za kuokoteza, akaja siku amezidiwa. Akifika hajui hata alikuwa anakunywa nini. Mnampa nini?"

"Matroni, tutampima upya."

"Akiwa anadondoka hapa mlangoni?"

Walimsikiliza, kisha wakapiga kura. Alishindwa. Mimi, kwa kusema kweli, niliona ana hisia nyingi kuliko hoja. Alikuwa na sheria moja aliyonipa siku ya kwanza: fundi hafungui faili la mgonjwa. Anaweza kulihamisha, kulihesabu, kulipima, lakini halifungui. Kwa hiyo mafaili yale kwangu yalikuwa namba tu na uzito. Niliyakusanya kwenye folda moja niliyoiita "wa zamani", tayari kuifuta kabla ya kliniki inayofuata.

Siku niliyopanga kufuta, Matroni aliingia akakaa. Sikuwahi kumwona amekaa katika chumba kile. Alishika mkoba wake mapajani kama abiria.

"Ukibonyeza yanaenda wapi?"

"Hayaendi popote, Matroni. Mashine inasahau yalipo, halafu inaandika vingine juu yake."

"Kama mtu."

Nje kulikuwa kumeanza kuwa kweusi. Radi ya kwanza ilinguruma mbali, upande wa ziwa, na nikaona shingo yake ikikakamaa. Alinyanyuka. Alitoa mfukoni glavu za mpira, zile za kuzalishia, akazivaa. Akaenda kwenye kompyuta, akabonyeza alama ya kuondoa diski kama alivyofundishwa na fundi aliyenitangulia, akasubiri taa izimike, akaichomoa diski ya nje, ile ndogo inayotunza nakala. Akaiviringisha kwenye kanga, akaitia kwenye mkoba, mkoba akaukumbatia kifuani. Nilikuwa nimesikia kwamba hufanya hivyo. Kompyuta yenyewe haikuweza kuzimwa na foleni iko nje, na kama radi ingeipiga, angalau nakala zingebaki na yeye. Kwa kweli ilikuwa akili nzuri. Sikupata kulifikiria zaidi ya hapo, kwa sababu kila nilipofika kituoni diski ilikuwa mahali pake, na radi ikipiga mimi huwa dirishani nikiangalia kama watoto wanavyofanya.

"Usibonyeze mpaka nirudi," alisema. "Nakuomba, mwanangu." Akaenda kukaa wodini, katikati ya wagonjwa, mahali pasipo na bomba wala waya.

Mvua ilishuka. Bati lilipiga kelele kiasi kwamba sikusikia foleni nje. Nilikaa mbele ya amri yangu iliyokwishaandikwa, kidole kikiwa karibu. Ikafika saa ya chakula, saa ambayo wagonjwa hupungua na mashine imepangiwa kutengeneza nakala ya mafaili yote na kuipeleka kwenye diski ya nje.

Na mashine ikaanza. Feni ilivuma. Taa yake ndogo ya kijani ikapepesa, ikapepesa haraka, kama kila siku.

Niliitazama ile taa. Ilikuwa ikiandika. Diski ya nje ilikuwa wodini, ndani ya kanga, ndani ya mkoba, kifuani kwa Matroni. Basi hii ilikuwa ikiandika wapi?

Sijui kama nimewahi kukiogopa kitu kama nilivyokiogopa kile kitaa. Nilisogeza kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta. Kisha nikarudi, nikapiga df. Nafasi ilikuwa ikishuka. Nikapiga tena, imeshuka zaidi. Nikafungua folda iitwayo "nakala", ambayo ni mlango tu wa kuingilia kwenye diski ya nje, na ambayo bila diski ilipaswa kuwa tupu. Haikuwa tupu. Ilikuwa na nakala ya leo ikiendelea kuota, na nyuma yake nakala nyingine, na nyingine, zote za siku ambazo radi ilinguruma kabla ya chakula cha mchana.

Bibi yangu wa Nyanga alikuwa akitandaza nyasi sakafuni, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba za zamani. Alipochoka kuzoa zilizonyauka alitandaza mbichi juu yake. Ukiingia uliona nyasi mbichi tu, zinanukia, na usingejua chini yake kuna nini, isipokuwa miguu ilikuambia kwamba sakafu imepanda. Ndivyo ilivyokuwa. Diski ikichomekwa, Linux huitandaza juu ya folda ile, na ukifungua unaona vya kwenye diski tu. Diski ikichomolewa, folda inabaki wazi, na programu ya nakala, ambayo fundi wa kwanza hakuifundisha kuangalia kama diski ipo, humwaga kila kitu humo, ndani ya kompyuta yenyewe. Mvua ikikatika Matroni alirudi, akachomeka diski, akafunika. Ile du haikuona kilicho chini. Ile df ilihisi uzito.

Mashine ilijaa mvua ikinyesha kwa sababu mvua ikinyesha kulikuwa na radi, na radi ilimtia Matroni hofu.

Nilitembea kwenye mvua hadi wodini. Alikuwa amekaa kwenye benchi kati ya mama mjamzito na mzee wa kikohozi, macho amefumba, mkoba kifuani. Nikachuchumaa mbele yake nikamweleza taratibu, nikitafuta maneno ambayo hayatamfanya yeye kuwa mkosaji. Hakunisaidia kuyatafuta.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Ni programu, Matroni. Haikuangalia kama diski ipo."

"Yule mtoto wa kliniki. Ni mimi."

Radi ilipiga karibu, taa za wodi zikafifia. Mama mjamzito alipiga ukelele, "Mae!" akamshika Matroni goti. Matroni aliuweka mkono wake wenye glavu juu ya mkono wa yule mama, akauacha hapo.

"Folda ya wa zamani," akaniuliza, "bado ipo?"

"Ipo. Haina haja ya kufutwa tena."

Alifumbua macho. Nilitegemea atashukuru, au atalia, maana sura yake ilikuwa imevurugika. Akasema, "Haya. Kaibe chakula jikoni, umelowa."

Hakuniruhusu kufuta hata nakala zile zilizofichika mpaka tulipozihamishia zote kwenye diski ya nje, kwa kuwa za siku za mvua hazikuwa mahali pengine popote. Nilibadili programu: bila diski, hakuna kuandika, na anayeingia asubuhi aone onyo. Mashine haikunywa mvua tena. Hamisi alilalamika kwamba amekosa cha kusema. Matroni aliendelea kuvaa glavu zake na kuchomoa diski kila wingu likija, ila tangu siku hiyo alinisimamia anapoirudisha, akiuliza, "Imeona? Una uhakika imeona?" Hakumwambia mtu yeyote zaidi ya daktari na kamati kwamba chanzo kilikuwa yeye. Aliwaambia wao kwa ufupi, akiwa amesimama.

Mara ya mwisho nilimwona nyumbani kwake Ijuganyondo, alipokuwa amestaafu na miguu imeanza kumsumbua. Nyumba ilikuwa ndogo, imezungukwa na migomba na miti michache ya kahawa. Binti wa jirani alinifungulia. Matroni alikuwa kwenye kiti sebuleni, amepungua sana, lakini mikono ilikuwa ileile. Nikamwamkia, nikakaa.

"Injinia. Umeolewa?"

"Bado, Matroni."

"Unawauliza wanaume maswali mengi."

Tulicheka. Kisha akaacha kucheka, akauliza kama kliniki ya kifafa bado ipo. Nikamwambia ipo.

"Wa visiwani wanakuja?"

"Wachache."

"Wakija, mafaili yao yapo?"

"Yapo yote. Hakuna lililofutwa."

"Na ile folda?"

"Na ile folda."

"Sema tena."

Nilisema tena. Aliniangalia mdomo nilipokuwa nikisema, kama watu wanavyoangalia mizani. Nikamwuliza, kwa sababu siwezi kuacha, kwa nini aliipigania namna ile, wakati kura zilikuwa dhidi yake na hoja pia. Akamwita yule binti, akamwambia aniletee kahawa ya kutafuna ya mgeni, niondoke nayo mkononi, na nikaelewa kwamba nimeagwa.

Alizikwa mvua za mwaka uliofuata. Hamisi, ambaye sasa ana duka lake la dawa hapa Kashai, ndiye aliyenieleza, tena kwa bahati. Alidhani nilijua siku zote. Katika folda ile niliyokuwa karibu kuifuta kwa kidole changu mlikuwa na faili la kijana wa Matroni, mtoto wake wa pekee, mgonjwa wa kifafa, aliyegombana naye miaka kadhaa kabla sijafika, akapanda boti kwenda visiwani na dawa za mwezi mmoja.